Pikipiki Iliyotakiwa Kufa

Nilipowaacha nilikuwa kifudifudi kando ya pikipiki ya marehemu Benjamin, plagi mkononi, kitambaa mdomoni, na mtu anasukuma mlango wa ua.

Hakuwa mtu. Alikuwa mbuzi.

Mjane Scholastika akamfukuza, akarudi, akachuchumaa mbele yangu.

Kwa wewe unayenikuta njiani leo: mimi ni Zefania, fundi wa pikipiki za zamani, zile zisizo na maji ya kupoza injini. Zinapozwa na upepo wa safari tu. Nimezitengeneza Mitundu, Chunya, Mpanda, na kote huko niliondoka kabla watu hawajanizoea. Shule yangu nayo ilikwenda hivyo hivyo, darasa hapa, darasa kule, la sita sikulimaliza. Hapa Kinyangiri nilikuja kupita, nikakaa, kwa sababu ya Benjamin na Honda yake.

Benjamin alikuwa mnunuzi wa kuku. Alizunguka vijijini na matenga yake, akipeleka mjini Singida. Alianguka na Honda hiyo kwenye mteremko wa kwenda mtoni, akafa palepale. Hakuna aliyeona.

Sasa mila ya ukoo wake ni hii. Matanga yakiisha, vifaa vya marehemu vinatolewa nje, vinajaribiwa mbele ya watu. Chombo kilicho hai kinakwenda kwa ndugu zake. Kilichokufa kinabaki kwa mjane. Jembe lenye mpini ni hai. Chungu chenye ufa kimekufa.

Pikipiki ikiwaka, inakwenda kwa Noel, mdogo wa marehemu. Na Noel alishasema hadharani mwanamke hapandi pikipiki. Lakini Scholastika anajua kuipanda. Ndiyo atakayolishia Rebeka na wadogo zake, sasa mumewe amezikwa. Bila hiyo, matenga ya kuku hayatoki uani.

Ndiyo maana aliniomba niiue. Iuawe kwa siku moja tu, halafu ifufuke.

"Kitambaa tu?" akaniuliza.

"Kitambaa tu. Kinaingia kwenye tundu la plagi, kinakaa juu ya pistoni. Wakipiga kiki, pistoni inapanda, inakutana na kitambaa, inagoma. Kila fundi atasema injini imejamu. Wakiondoka nakivuta, unapanda unakwenda."

"Na wakikiona?"

"Hawatakiona. Plagi ya pikipiki hii imejificha katikati ya mapezi ya injini, vile vibamba vya kupitisha upepo, haifunguki kwa spana ya dukani. Spana yake nimeichonga mwenyewe. Iko moja tu duniani."

"Na wakikiona, mzee?"

"Mama Rebeka, niamini."

Akatandaza kiganja chake na kukitazama, kama mtu anayesoma saa. Kiganja hicho nakifahamu. Benjamin alipokuwa akifungua pointi, kile kidude kidogo kinachogawa moto wa plagi, alimpa mkewe ashike ili kisipotelee vumbini. "Hilo ndilo bakuli langu la chuma," Benjamin alikuwa akisema, na mkewe anacheka, amefumba ngumi.

Nikarudisha plagi. Nikakaza. Spana nikaitia ndani ya soksi. Nikaenda kunawa mtoni, na huko nikachelewa, nikivuta sigara, nikijisifu kimoyomoyo.

Kumbukeni kwamba nilichelewa.

*

Niliporudi ua ulikuwa umejaa. Shangazi Agripina, mkubwa wa ukoo, alikuwa amekalia kigoda katikati, fimbo mapajani. Vifaa vimepangwa kwenye turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa huko nyuma, fundi. Hii ni shughuli ya wenyewe."

Nikakaa nyuma, kwenye gogo, karibu na mlango. Ni desturi yangu kukaa karibu na mlango.

Jembe likainuliwa, likapigwa chini. Likaingia.

"Hai," Shangazi akasema. Noel akalichukua.

Mzinga ukagongwa. Kimya, hakuna nyuki.

"Umekufa. Wa mjane."

Ikaja redio. Ikabonyezwa, kimya. Noel akaingiza mkono mfukoni, akatoa betri mpya.

"Ee!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Kaja na dawa yake!"

Watu wakacheka. Noel hakuona aibu. Akatia betri, redio ikaanza kusoma bei za alizeti.

"Hai," Shangazi akasema, na yeye akizuia kicheko. "Lakini Noel, kama umeleta na roho ya chungu, kiweke mfukoni. Chungu ni cha mjane."

Kisha watu wakageuka wenyewe, kwa maana kilichobaki kilikuwa kimoja.

Honda ilisimama kwenye stendi yake, nyekundu iliyopauka. Mbele ya injini kulikuwa na ngao mbili za bati nilizomchomelea Benjamin zizuie tope lisimrukie miguuni. Ndani yake mlikuwa na pistoni kubwa kuliko ya kiwandani, tuliyoitoa dukani kwa Gokaldas mjini. Nilichonga silinda hadi ikaikubali. Benjamin alitaka nguvu ya kupanda mlima na matenga mawili. Nilimpa.

Noel hakuikaribia. Akaita, "Enock!"

Akatokea jamaa mmoja, ovaroli safi kama la daktari, simu mbili kiunoni. Fundi wa mjini. Noel alikuwa amemleta asubuhi hiyo.

"Shikamoo, babu," akaniambia. "Nasikia wewe ndiye daktari wa hii makumbusho."

"Marahaba. Ndiye."

"Pole na kazi."

Akafungua mafuta. Akapiga kiki.

Kiki ikashuka nusu, ikagoma. *Tap.*

Akapiga tena. *Tap.* Akapanda juu yake kwa uzito wote. Ikamrudisha.

Moyo wangu ukatulia. Nikamtazama Scholastika, kakaa mkekani na wanawake, kanga kichwani, macho chini. Safi kabisa.

"Imejamu," Enock akasema.

"Maana yake?" Shangazi akauliza.

"Pistoni imeshikana na silinda, mama. Ngoja nikuonyeshe."

Akaitia gia. Akaisukuma mbele kwa nguvu. Tairi la nyuma halikuzunguka. Likaburuta, likachora mfereji vumbini kwenye ua wa marehemu, na pikipiki ikayumba, ikataka kumlalia.

"Unaona? Injini ikijamu, tairi la nyuma linafungwa papo hapo."

"Basi imekufa," Shangazi akasema. Akainua fimbo kuelekea kwenye mkeka wa wanawake. "Ya mja..."

"Ngoja, shangazi."

Alikuwa Noel. Hakuwa anaitazama pikipiki. Alikuwa anautazama ule mfereji vumbini.

"Enock. Mtu akiwa mbio, mteremkoni, na injini ikajamu. Inakuwaje?"

Enock akasita. "Anarushwa, bwana. Mara nyingi hawaponi."

Mmewahi kusikia ua wote ukipumua kwa pamoja? Nilisikia siku ile.

Nawaambieni ukweli, sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi, ambaye nimeokota watu waliorushwa na injini zilizojamu, nilichagua uongo huo kwa sababu ulikuwa mwepesi na hauharibu chuma. Niliwaza chuma tu. Sikuwaza mtu.

"Nani aliitia pistoni hii kubwa, ile kaka aliyokuwa akijisifia?" Noel akauliza.

Vichwa viligeuka, kimoja kimoja, kuelekea kwenye gogo langu.

*

"Njoo hapa mbele, fundi," Shangazi akasema. Safari hii hakuniambia nikae nyuma.

Nikaenda. Nyuma yangu nikasikia mlango wa ua unafungwa.

Enock alikuwa amechuchumaa kwenye injini, anaisoma kwa kidole. "Mama, tazama. Injini hii haina maji. Inataka upepo upite kwenye haya mapezi. Babu kaiziba na mabati. Halafu kaitia pistoni kubwa, joto limezidi. Imejichemsha kama chungu chenye kifuniko."

"Mabati nimeyatoboa matundu," nikasema. "Tazama kwa chini. Upepo unaingia kwa kasi kuliko bila bati."

"Matundu ya kuku, babu?"

Wengine wakacheka, lakini kile kicheko cha redio kilikuwa kimeshaondoka. Hiki kilikuwa kingine.

"Na uwazi wa pistoni nimeupima," nikaendelea. "Nilimwambia Benjamin aendeshe taratibu mwezi mzima mpaka injini ikalainika. Haikujamu. Haiwezi."

"Haikujamu?" Noel akaniinamia. "Mzee, si tumeiona sote? Tairi si limeburuta hapa mbele ya macho yetu?"

Nikautazama ule mfereji.

Ningesema nini? Nilijua haikujamu. Pikipiki ilipoletwa kwangu na mkokoteni wa ng'ombe baada ya ajali, ninyi mliokuwa nami wiki zile mnakumbuka, niliinyoosha usukani na kupiga kiki moja. Iliwaka kama saa. Scholastika alikuwa amesimama pembeni. Akasema, "Izime, mzee, inalia kama anaporudi yeye." Nikaizima.

Duniani tulikuwa wawili tu tunaojua kwamba iliwaka baada ya kifo. Mimi na yeye. Na yeye alikuwa mkekani, macho chini.

"Mtu wa kuja," sauti ya kiume ikasema nyuma. "Hata kwao hapajulikani."

"Kamuua Benjamin, halafu kala ubwabwa wa matanga yake."

"Mwiteni mtendaji wa kijiji," Shangazi akasema.

"Mtendaji wa nini, shangazi?" Noel akasema polepole. "Mtendaji atakuja jioni."

Vijana walikuwa wamesogea. Mmoja ameshika lile jembe lililo hai.

Nimekaa sehemu nyingi. Najua ua unaponuka hivyo hakuna maneno marefu.

Nikamtazama Scholastika. Nilimngoja. Neno moja tu lingetosha. *Iliwaka.* Angesema neno hilo ningetoka pale nikiwa mzima. Na pikipiki ingetoka pale na Noel.

Hakusema.

Simlaumu. Nawaomba na ninyi msimlaumu, kwa sababu ya nilichofanya mimi.

Niliingiza mkono kwenye soksi.

"Ana kisu!" mtu akapiga kelele.

"Si kisu. Ni spana." Nikainua juu waione. "Ya plagi. Enock, chukua. Fungua, utazame ndani."

Enock akaipokea, akaigeuza. Nikaona anaistahi, maana fundi hujua chuma kilichochongwa kwa subira. "Ulikuwa umeificha?"

"Fungua kwanza."

Akazungusha. Plagi ikatoka. Akachungulia, akaweka tochi ya simu.

"Kuna kitu humu."

Nikatoa spoku niliyoikunja ncha, nikamsukuma pembeni, nikavua. Kitambaa kikaja, kirefu, cheusi, kinadondosha oili. Nikakining'iniza mbele ya Shangazi Agripina.

"Haikujamu," nikasema. "Nimeizuia mimi."

"Kwa nini?" Shangazi akauliza.

Sasa sikilizeni. Hapo nilikuwa na nafasi ya kuwa mtu mzuri nusu. Nikaitumia.

"Niliitaka. Nilijua mkiona imekufa mtamwachia mjane, na mjane angeniuzia mimi kama chuma chakavu. Yeye hajui lolote. Mimi ni mwizi, mama. Lakini sikumuua Benjamin."

Mwizi wa spea huchapwa, hutemewa mate, hufukuzwa kijijini. Nilishapiga hesabu hiyo. Ngozi yangu ilikuwa tayari. Na jina la Scholastika nililitoa safi. Nilijipongeza hata.

Lakini pikipiki nilikuwa nimeitoa. Alinikabidhi kitu kimoja tu nikifiche, nikakitoa mbele ya watu ili shingo yangu ipone. Mengine yote niliyosema pale yalikuwa mapambo. Nilimuuza.

Noel alikuwa amekwisha kuelewa upande unaomfaa. Uso ukamng'aa.

"Kwa hiyo ni nzima."

"Ni nzima. Rudisha plagi, piga kiki moja."

"Moja?"

"Moja. Ikikataa, nifanyeni mnavyotaka."

Ndivyo nilivyosema. Kwa mdomo wangu. Fundi akishaanza kusifia kazi yake hana breki.

Wanawake walikuwa wakimtazama Scholastika kwa huruma. Yeye alikuwa ameinua macho sasa, ananitazama mimi. Sikuweza kuusoma uso wake. Nilidhani ni chuki, nikaona ana haki.

Enock akakaza plagi. Akafungua mafuta, akavuta choki. Noel mwenyewe akapanda. Akajiweka sawa kwenye siti ya kaka yake, akainua mguu.

Kiki ikashuka hadi chini, laini, bila kugoma.

"Eee!" watu wakasema.

Injini haikuwaka.

"Baridi tu," nikasema. "Tena."

Akapiga tena. Tena. Jasho likaanza kumtoka Noel. Pikipiki ikakohoa? Haikukohoa hata kukohoa. Kama unapiga kiki kwenye jiwe.

"Toa plagi, tuone moto," Enock akasema. Akaitoa, akailaza juu ya injini, waya wake umo. "Piga."

Tukainama sote, vichwa vimegusana. Noel akapiga. Nikaikazia macho ncha ya plagi nikingoja ile cheche ya bluu.

Hakuna.

"Hakuna moto," Enock akasema. Akaniangalia, na mara hii hakuwa na utani. "Babu, umetoa kitambaa, lakini maiti bado ni maiti."

"Haiwezekani," nikasema.

"Basi imekufa kweli," mwanamke mmoja akasema mkekani.

"Imekufa kweli," Noel akarudia, akishuka. Alikuwa ananijia. "Kwa hiyo ilikuwa mbovu. Iliharibika chini ya kaka yangu. Halafu wewe ukaingiza tambara tusijue imeharibikia wapi. Si ndivyo?"

Oneni jinsi lilivyokaa vizuri. Ningekuwa mimi katika umati ule, ningeliamini.

"Niachieni niitazame," nikasema. "Kidogo tu."

Nikapiga magoti upande wa kushoto, penye kifuniko kidogo cha pointi. Nilizisafisha mwenyewe juzi. Zilikuwa nzima. Nikagusa skrubu ya kifuniko ili niifungue, kidole kikasimama.

Skrubu ilikuwa na mkwaruzo mpya, unang'aa. Na haukuwa wa bisibisi. Ulikuwa mpana, umeteleza pembeni na kuchubua rangi. Mkwaruzo wa kisu cha jikoni.

*Na wakikiona, mzee?*

Nikakumbuka mtoni. Nikakumbuka sigara yangu na kuchelewa kwangu. Mwanamke alibaki peke yake na pikipiki aliyoikalia nyuma miaka yote ya ndoa yake, baada ya kuuliza swali lake mara mbili na kujibiwa maneno ya kujisifu.

Sikugeuka haraka. Niligeuza kichwa kama mtu anayetafuta spana.

Scholastika alikuwa amekaa vilevile mkekani. Mkono wa kushoto umeshika kanga. Wa kulia umelala gotini, umefumbwa ngumi.

Alifumba vilevile alivyokuwa akifumba zamani, Benjamin alipomwambia asipoteze pointi.

Ndani ya ngumi ile kulikuwa na uhai wangu, mdogo kama punje ya mahindi. Akiifungua, pikipiki itawaka, mimi sitakuwa muuaji, na Noel ataondoka nayo. Asipoifungua, imekufa, ni ya kwake, halali, mbele ya ukoo mzima. Watoto watakula. Na mimi mtu wa kuja nitabaki na vijana wale.

Ningeweza kufungua kifuniko nikapiga kelele. *Pointi hazipo! Mtazameni mkononi!* Nilikuwa nimeshamuuza mara moja siku ile. Mara ya pili haikuwa mbali.

Noel akanishika ukosi, akaninyanyua. Kijana wa jembe akasogea upande wa pili.

"Mwacheni," Shangazi Agripina akasema. Akasimama, akiegemea fimbo. Akanitazama mimi, kisha, sijui kwa nini, akautazama mkeka wa wanawake.

"Nitauliza mara moja tu," akasema. "Pikipiki hii, baada ya mwanangu kufa, iliwahi kuwaka au haijawahi? Ajibu anayejua."

Hakusema *ajibu fundi.* Alisema anayejua.

Nikaitazama ile ngumi. Vidole vyake vikacheza, na kwa umbali ule sikuweza kuona kama vinafunguka au vinakaza.